Kwikwi ya Bupe

Mtu akiniambia muziki ni muziki tu, hauna wa kumdhuru, namsuka kwa kukaza kidogo kuliko inavyotakiwa. Anaondoka na ngozi ya kichwa inayomuwaka, mimi moyo unanitulia. Ni ukorofi, najua. Naitwa Eufrasia, mtu wa Bukoba, mwaka wa tisa huu nasuka nywele kwenye saluni moja hapa Ghubra, jijini Maskati, na ukorofi huu una sababu yake. Sababu ni rafiki yangu Bupe.

Bupe ni wa Tukuyu. Anafanya kazi za ndani Madinat Sultan Qaboos, nyumbani kwa Madamu Balqis, na kazi yake kubwa ilikuwa kumtunza Bi Masouda, mama yake Madamu, bibi wa Kiomani aliyezaliwa na kukulia Unguja, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha sisi sote. Ukimwona Bupe barabarani humgeukii mara mbili. Ni mfupi, hana makuu, anatembea ameubana mkoba kwapani utadhani una mayai ndani. Ila siku akiimba, mambo ni mengine. Sikukuu moja tulikwenda pwani ya Yiti, wanawake watupu, na chakula chetu na mabusati yetu. Bupe akaimba akiwa anaosha vyombo kwa maji ya dumu, wala hakuwa anatuimbia sisi, na watu wa mabusati mengine, Wahindi na Waomani wasiojua neno moja la alichokuwa akisema, wakanyamaza mpaka alipomaliza sahani ya mwisho.

Kuimba kwake hakukutoka kanisani peke yake. Baba yao alikuwa karani kwenye shamba la chai, na mzungu mmoja alipohama alimwachia redio na kaseti kumi na moja za muziki wa kantri wa Marekani. Bupe na mdogo wake Ulimboka walilelewa na kaseti hizo. Kiingereza hawakukijua, lakini walijua mahali mwimbaji anapoiburuza sauti, mahali anapoivunja, mahali gitaa linapomwacha peke yake. Wakatia maneno yao: mvua ya Tukuyu, mikono ya wachuma chai, mbwa aliyemsubiri bwana wake stendi. Ulimboka akakua akawa mwimbaji wa kantri kweli, mwenye kofia ya pama na gitaa kavu. Msicheke, huko nyanda za juu muziki huo una wapenzi wake, na wengine wanaulilia. Akatoa albamu mbili. Sauti ya kwanza yake, sauti ya pili ya dada yake.

Albamu ya pili Bupe aliiimbia akiwa hapahapa Maskati. Nyumba ya Madamu haina pembe iliyo kimya. Kuna wajukuu, televisheni, viyoyozi, mlango wa mbele haupumziki. Mahali pekee pa kimya palikuwa ndani ya gari la Madamu, limeegeshwa uani, vioo vimepandishwa. Na injini ilibidi iwe imezimwa, kwa sababu muungurumo wake uliingia kwenye simu aliyokuwa akirekodia. Mwezi wa Juni. Anayeijua Juni ya Maskati anajua ninachosema. Bi Masouda alimpa funguo na taulo, taulo kubwa la kijani, na Bupe akawa anaingia kwenye lile joko kila alasiri wenye nyumba wakilala, wimbo mmoja kwa siku, siku tisa. Alitoka amelowa chapachapa. Nilimuuliza kama Ulimboka analijua hilo. Akasema hajamwambia, kwa sababu akijua ataimba kwa huruma, na huruma inaharibu wimbo.

Miaka miwili iliyopita, Agosti, mama yao alifariki. Familia ya Madamu ilikuwa Salalah, wamefuata manyunyu kama wenye nafasi wanavyofanya kila kiangazi. Nyumbani alibaki Bi Masouda mwenye miguu mibovu, na Bupe wa kumtazama. Pasipoti ya Bupe ilikuwa kabatini. Ufunguo wa kabati ulikuwa Salalah, kwenye mkoba wa Madamu. Madamu alilia kwenye simu, sitamsingizia, akasema baada ya siku nne atakuwa amerudi na atamkatia tiketi yeye mwenyewe. Maziko yalikuwa kesho yake. Mimi niliwaka. Nilitaka kwenda na nyundo nikalivunje lile kabati, na Bupe ndiye aliyenizuia, akisema akivunja atasafiri leo na kesho hatakuwa na pa kurudi.

Siku hizi kwetu mtoto aliye nje hakosi kabisa maziko ya mzazi wake. Zamu yake ikifika, mwongoza shughuli anampigia, simu inawekwa mbele ya kipaza sauti, na aliye mbali anasema la kusema mbele ya jeneza. Wengi wanaomba radhi tu, wanashindwa kumaliza. Bupe aliamua kuimba. Wimbo aliutunga asubuhi ileile huku akimlisha Bi Masouda uji. Maneno yake hayakuwa mengi: Mama nimefika mlangoni, washa koroboi nikuone. Alikaa chini chumbani kwa Bi Masouda, mlango umefungwa, na Bi Masouda mwenyewe ndiye aliyeshika simu, maana mikono ya Bupe haikuwa inashika kitu.

Tatizo likawa mtandao. Sauti zilichelewa kufika. Waombolezaji walipoitikia kule Tukuyu, mwitikio wao ulimfikia Bupe akiwa ameshaingia mstari mwingine. Akawasubiri, nao wakawa wanamsubiri yeye. Akawa anaimba na watu walio nyuma yake, mara walio mbele yake, mpaka akapotea kabisa, na katika kupotea ndipo kilio kilipomshika. Akatoa kwikwi tatu, mbili fupi na moja ndefu, palepale kwenye neno mlangoni. Kisha akajikaza, akamaliza. Ulimboka akatupa udongo kaburini mara mbili, mara ya kwanza akataja jina lake, mara ya pili akataja la dada yake. Aliyekuwa anarekodi shughuli alirekodi yote.

Huo ndio wimbo. Maziko yakiwa yameshapita, tiketi haikutajwa tena, na Bupe hajakanyaga kaburi la mama yake hadi leo. Baada ya arobaini Ulimboka alimwahidi kwamba atafunga nao albamu ya tatu, wimbo wa mwisho, kama ulivyo, na kwikwi zake na kuchelewa kwake, gitaa kavu tu likipita chini. Bupe hakumwomba kingine. Kila tulipokutana Ijumaa baada ya ibada, maana hapa siku ya kanisa ni Ijumaa, aliniambia albamu imefikia wapi. Alisema wengine waliweka udongo, wimbo ule ndio udongo wake.

Basi Ulimboka akahamia Dar es Salaam, akapata prodyuza. Kofia ya pama ikaenda zake. Nywele zikapakwa rangi ya shaba, suruali zikabana, jina likakatwa likawa Uliboy. Akamtumia dada yake ujumbe mrefu wa sauti akimweleza kwamba kantri imezeeka, kwamba redio zinasema inaleta usingizi, kwamba albamu ya tatu itakuwa na ladha ya popu, watu wachangamke, na kantri kidogo ya kunusia. Mimi nilisema mtoto huyu amekwisha. Bupe akamtetea. Akasema anatafuta riziki, na hata wale Wamarekani wa kwenye kaseti wapo waliofanya vivyo hivyo uzeeni, mbona wao wawili waliwapenda tu. Alisikitika kwa jambo moja, kwamba safari hii hakuombwa sauti ya pili. Gari la Madamu likakaa bila kazi. Lakini kila alipouliza juu ya wimbo wa mama, Ulimboka hakusita.

"Huo upo, dada. Huo ndio roho ya albamu."

Hakumdanganya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa nije kwenye dhambi yangu. Wiki tatu kabla albamu haijatoka, kulizuka kipande cha wimbo kwenye simu za wasichana. Kipande chenyewe sekunde ishirini. Unaanza mdundo mzito, kisha inaingia sauti nyembamba kama ya mtoto, inakatika mara tatu, hi, hi, hiii, na anayecheza anarusha bega la kushoto kila inapokatika, na kwenye ile ndefu anaangusha kichwa kama aliyezimia. Mchezo ukaitwa kwikwi. Milly, Mganda ninayefanya naye kazi saluni, ndiye aliyenifundisha. Akanisimamisha mbele ya kioo akanipigapiga bega mpaka likajua. Kuanzia hapo hatukuwa na jambo jingine. Nilisuka bega likiruka, nilikamua vitambaa bega likiruka, wateja wakacheka, wengine wakataka wafundishwe. Nilijirekodi, nikaitumia hadi Bukoba, na shangazi yangu akanijibu kwa video ya kwake.

Jina la mwimbaji liliandikwa chini kwa herufi ndogo. Sikulisoma. Nilikuwa nacheza, nisome nini? Bupe yeye hakukiona kipande hicho. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka, na nafasi yote imejaa sauti za Ulimboka tangu zile siku za gari. Wajukuu wa Madamu nao walikuwa kwa baba yao Dubai.

Albamu ikatoka Alhamisi. Bupe akakataa kuisikiliza peke yake. Aliniomba tuisikilize kwangu, Ijumaa baada ya ibada, akanitaka niwaalike wenzetu. Tulikuja wanawake tisa, Watanzania na Waganda, tukajibana kwenye chumba changu. Bupe alikuja na sufuria la ndizi na maharage, alilolibeba kwenye teksi amelipakata, na amejifunga kanga ileile aliyojifunga siku ya maziko. Kabla Milly hajaunganisha simu na spika, Bupe alisimama. Sijawahi kumwona akisimama mbele za watu kwa hiari yake. Akasema wimbo wa mwisho ni wa kumzika mama yake, yeye mwenyewe ndiye anayeimba, na ukifika anaomba tukae kimya. Atakayetaka kulia alie, asione haya. Kisha akaketi, akaupanga upindo wa kanga magotini, akasubiri.

Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Gitaa lilikuwepo, ila kwa mbali, kama mgeni aliyeambiwa asubiri nje. Sauti ya Ulimboka walikuwa wameinyoosha, haiburuzi tena, haivunjiki popote. Bupe alikuwa anatikisa kichwa taratibu, midomo inacheza, nikajua anaweka sauti ya pili yake pale ilipotakiwa kuwa. Hakuna aliyeisikia isipokuwa yeye.

Ukaingia wa nne. Mdundo ule. Milly akaruka kutoka kitandani. Nyumba ikalipuka. Wote tulikuwa tunakijua kipande chake, na hakuna aliyejua kwamba ni cha Uliboy, yaani Ulimboka, mdogo wake Bupe. Tukampongeza, tukamkumbatia, tukamwambia mbona umetuficha. Mimi nikaisukuma meza ukutani. Nikasimama mbele yake yeye, mwenye shughuli, kama inavyostahili, nikamchezea kwikwi kwa ufundi wangu wote. Hi, hi, hiii. Bega, bega, kichwa. Nikainuka, nikarudia. Na sasa wimbo mzima uliposikika, nikasikia kwa mara ya kwanza maneno yanayofuata, ameyaimba Ulimboka kwa sauti ya asali: Beibi nimefika mlangoni, washa taa nikuone.

Yale maneno mimi nilikuwa nayajua. Bupe aliniimbia wimbo wake saluni mwaka jana, mlango umefungwa, mteja hayupo. Niliyajua, na bado nikaendelea kucheza. Sijui niseme nini juu ya hilo. Mwili ulikuwa umeshika mdundo na kichwa kilikuwa kinakuja nyuma. Bupe alikuwa ananitazama begani. Hakuwa ananitazama usoni. Nikadhani anajifunza.

Nyimbo nyingine zikapita, watu wanahema, wanapepea, wanasifu. Ikafika ya mwisho. Mimi ndiye niliyewanyamazisha wenzangu, nikawakalisha chini, mmoja akashika hata kitambaa cha machozi. Ukaanza mdundo uleule, safari hii wa kasi zaidi. Walikuwa wameurudia wimbo wa nne kwa ajili ya kumbi za kuchezea. Tuliusikiliza wote tumekaa, mikono magotini, mpaka ukaisha. Milly akachukua simu, akapekua juu chini, akamuuliza Bupe kama labda ule wa mama uko mahali pengine.

"Umeshapita," Bupe akasema.

Milly hakuelewa. Akauliza upi.

"Ule mliocheza. Hiyo kwikwi ni mimi."

Nje kulikuwa na mtu anasafisha kiyoyozi cha jirani kwa maji, na maji yale ndiyo pekee yaliyosikika. Nilitaka kumwangukia miguuni, lakini ningeanzaje, kwa kichwa kilekile nilichokuwa nakiangusha mbele yake? Bupe akainuka, akafungua sufuria, akaanza kutupakulia. Tukala. Tulikula kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya zaidi ya hilo, na zilikuwa ndizi nzuri. Akaosha vyombo vyangu, akaniomba mfuko wa kubebea sufuria, akaondoka kabla ya saa yake. Sikumsindikiza. Niliogopa angeniambia si kosa langu.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kumsuka Bi Masouda. Nilikuwa nakwenda kila baada ya wiki mbili, alipenda misuko ya kizamani na mafuta ya nazi, akisema wasichana wa saluni nyingine wanamsuka kama wanafunga mzigo. Bupe alikuwa chini anamkanda miguu. Simu yake ikaita, ni Ulimboka, na kwa sababu mikono yake ilikuwa na dawa akaiweka juu ya kitanda na kuifungulia sauti. Alikuwa amempigia tangu Ijumaa na Bupe hakuwa amepokea.

"Dada, ugonile," akamsalimu kwa lugha ya kwao, furaha tupu. "Umesikia? Nchi nzima inakuimba wewe."

Bupe akamuuliza gitaa liko wapi. Ulimboka akaeleza mengi. Kwamba waliujaribu na gitaa, kwamba watu wa redio waliusikia wakasema nani atapiga kilio asubuhi watu wakienda kazini. Kwamba wimbo ulikuwa unatolewa kabisa kwenye albamu, mpaka prodyuza alipoisikia ile kwikwi, akaikata, akaipandisha sauti iwe nyembamba, akasema wimbo ni huu. Ikawa ama hivyo, ama usiwepo. Alisema ningeuacha ulivyo angeusikia nani, dada, mimi na wewe? Sasa hata watoto wa shule wanaijua sauti yako. Akasema mama angefurahi. Na mimi niliyekuwa nimejiandaa kumchukia nilisikia kwamba anaamini kila anachosema. Alidhani amempa dada yake zawadi.

"Mama ulimtoa," Bupe akasema. "Umeweka beibi."

"Ni neno moja tu, dada."

"Kilio kile sikukupa wewe, Uli. Nilimpa mama."

Ulimboka akasema atawaambia waandike jina lake, ni haki yake, kila mtu ajue. Bupe akamwambia wasiandike. Akamwuliza kama anakula vizuri, akamwambia asikae na njaa, akamtakia kazi njema, akakata simu kwa kiwiko. Akaendelea kukanda.

Bi Masouda alisikia yote, kichwa chake mikononi mwangu. Wajukuu walikuwa wamerudi, na nyumba nzima ilikuwa inaimba hi, hi, hiii tangu Jumapili.

"Nlikujua siku ile ile," akamwambia Bupe. "Watoto wanarukaruka na kitu chao, miye nnasema, huyu si Bupe wangu huyu? Nlikushikia simu kwa mkono huu." Akaunyanyua mkono, kisha akauliza bila kugeuka, "Nawe Eufrasia, ulicheza?"

Nikasema nilicheza.

"Haya, suka," akasema. Wajukuu akawapigia marufuku wimbo ule ndani ya nyumba yake, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na kwa muda aliokuwa hai hawakuupiga tena, angalau si mbele yake.

Hakuishi sana. Alifariki Februari, asubuhi, Bupe akiwa anamchana. Madamu Balqis aliniomba nikasaidie jikoni siku tatu za azaa, matanga yao. Sebule kubwa ilijaa wanawake wenye mabuibui, wanasoma Kurani kila mmoja na juzuu yake, kahawa na tende zinazunguka. Kule hakuna kupiga mayowe. Machozi yanaruhusiwa, sauti haipendezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na kimya cha kusikia vikombe vikigusana.

Bupe alifanya kazi siku zote tatu kwa macho makavu. Alimtunza bibi yule miaka sita, alimwosha, alimlisha, alilala chini kando ya kitanda chake alipougua, na hakutoa chozi. Madamu mwenyewe alikuja jikoni akamwambia, Bupe, kaa, pumzika, lia ukitaka. Bupe akasema asante Madamu, akaendelea kupanga tende. Mimi nilijua kwa nini halii. Nilikuwa nimemwona siku ya kwanza, kinywa kimefunguka, kifua kimepanda, kisha akakifunga kinywa na kuangalia pembeni, kuelekea kwa wajukuu waliokuwa wamekaa mlangoni.

Siku ya tatu, alasiri, aliingia jikoni na sinia la vikombe vichafu. Mimi nilikuwa jikoni peke yangu, namimina kahawa kwenye dele, lile birika lao. Aliweka vikombe kwenye sinki, akageuka kutafuta cha kufutia mikono, na nyuma ya mlango lilikuwa limetundikwa lile taulo la kijani. Sijui nani alilitundika pale. Labda Bi Masouda mwenyewe, zamani. Bupe akalichukua, akaliangalia, na nikaona kwikwi imemfika.

Hi, ikatoka. Hi.

Namwomba Mungu anisamehe, maana sikulituma. Bega langu la kushoto liliruka. Mara moja, mara ya pili, sawia na yeye. Nilikuwa na dele mkononi na kahawa ikamwagika juu ya jiko, na shingo yangu ilikuwa imeshalegea, inaisubiri ile ndefu.

Bupe aliniona. Tulitazamana. Niliona kwamba amekiona nilichokifanya na kwamba anajua sikukusudia, na hakukuwa na unafuu wowote katika kujua kwake. Ile ndefu haikutoka. Alilisokomeza taulo kinywani kwa mikono yote miwili, akainama juu ya sinki, mgongo ukatikisika bila sauti mpaka ukatulia. Kisha akalitundika taulo mahali pake, akachukua sinia la tende, akarudi kwa wageni.